Rojo la Matunda na Mavyaa wa Dadangu

Dadangu aliolewa Mji wa Kale mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika nyumba ambayo watu wakiitaja hushusha sauti. Sijawahi kuelewa walishusha sauti kwa nini. Ilikuwa nyumba ya ghorofa, ya mawe ya zamani, yenye mlango wa nakshi uliopakwa mafuta mpaka ukang'aa, na nyuma ya mlango huo palikuwa na ngazi mbovu, dari linalovuja, na karatasi za nailoni zilizofungwa juu kupokea maji ya mvua. Mlango ule ulipata mafuta mengi kuliko vyungu vya jikoni.

Mwenye nyumba alikuwa mavyaa wa dadangu, yaani mama wa mumewe. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye pua iliyoumbwa kunusa makosa ya watu. Wazee wake walitoka Arabuni zamani sana, na jambo hilo alikukumbusha hata ukimwuliza saa. Sisi tulikuwa watu wa Bondeni. Babangu alikuwa na kiduka cha nyuzi, vifungo na zipu, na mamangu alizaliwa upande wa Kwale, katika ukoo wa wakulima. Kutoka kwetu hadi kwa mavyaa ni mwendo wa kutembea huku chai yako ikikungoja ipoe, lakini yeye alitaja Bondeni kama mtu anayetaja nchi ya mbali yenye maradhi.

Kuhusu shemeji yangu, mwenyewe bwana harusi, sina maneno mabaya. Alikuwa karani bandarini, mpole, msafi, mwema kwa namna ya mto wa kulalia: ukimkalia anabonyea, ukiondoka anarudi alivyokuwa. Mamake alimkalia toka utotoni.

Kwetu, bibi harusi akishaingia kwa mumewe, wazazi wake ndio wanaopeleka chakula wiki nzima ya fungate. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na sijapata kazi, kwa hivyo nikawa mchukuzi. Asubuhi ya kwanza nilibeba sinia kichwani, limefunikwa kawa jipya lenye mapambo mekundu, na ndani yake mamangu alikuwa amepanga mahamri, mbaazi za nazi, mayai na sambusa za nyama. Mavyaa alinipokea ukumbini.

"Sabalkheri, Bibi," nikamwamkia.

"Sabalkheri. Weka hapo."

Akainua kawa kwa ncha za vidole viwili.

"Mahamri," akasema, kama daktari anayetaja ugonjwa. "Na mbaazi. Basi huko kwenu hakuna kingine?"

Nilirudi nyumbani na maneno hayo yakiniwasha. Mamangu alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Nikamweleza.

"Kasema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na ile pua."

Mamangu akaendelea kukuna, kisha akasema, "Haya. Kesho mpelekee vibibi na rojo. Tuone litamletea ugonjwa gani."

Rojo la matunda lilikuwa chakula cha nyumba yetu. Kwa majirani sikuliona. Mamangu alikwenda Marikiti jioni, wakati wauzaji wanataka kufunga, akachagua matunda yaliyogongeka ambayo kesho yake yangetupwa: embe lenye jeraha upande mmoja, nanasi lililolala chini, mapera yaliyokwishaanza kunuka mtaa mzima. Alikata pabovu akatupa, na pazuri akapatia ndani ya sufuria. Hakutia maji hata tone. Nanasi na sukari vilitangulia juu ya makaa ya taratibu, mpaka nanasi likatoa maji yake lenyewe. Kisha embe, kisha mapera yaliyotolewa mbegu, kijiti cha mdalasini, iliki iliyopondwa na zabibu kavu. Papai lilikuja mwisho, kwa sababu ukilitia mapema linapotea na unabaki kuuliza liko wapi. Akishaepua ndipo alipomimina maji ya bungo. Bungo, lile tunda chachu la porini, aliletewa na wanawake wa kwao waliovuka feri ya Likoni na vikapu. Ukali wake uliingia katikati ya utamu ule ukauamsha. Tuliweka kibibi cha moto, yaani mkate mwembamba wa mchele na nazi, kwenye sahani, tukamimina rojo juu, na mtu hakusema neno mpaka sahani ikaisha.

Basi kesho yake nikapeleka. Mavyaa akainua kawa.

"Ni nini hichi?"

"Rojo la matunda, Bibi. Ni la kumiminia vibibi."

"Matunda yamepikwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwani nani mgonjwa hapa?"

Akachukua kijiko, akachovya ncha, akaweka ulimini, akatazama dari lake linalovuja. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka.

"Tamu mno," akasema. "Watu wa shamba hawajui kipimo cha sukari."

Kisha akaniambia niende zangu, sinia atalipandisha mwenyewe kwa maharusi. Mchana nilipofuata vyombo, bakuli la rojo lilikuwa limeoshwa likang'aa. Nikadhani dadangu na mumewe wamekula wakafurahi. Baadaye sana dadangu aliniambia kwamba wiki ile yote hakuliona rojo kwa macho. Walipandishiwa vibibi vikavu. Bakuli liliingia chumbani kwa mavyaa na mlango ukafungwa.

Na kila asubuhi alikuwa na tusi jipya. Leo iliki imezidi. Leo vipande vikubwa, kama vya kulishia punda. Leo rangi yake inatisha. Mamangu aliyasikia yote kutoka kwangu, akazidisha kipimo, akabadilisha bakuli dogo kwa kubwa. Nalo likarudi limeoshwa. Watu wanaotukana chakula nimewaona wengi, na wanaokila chakula wanachokitukana pia nimewaona, lakini aliyekitukana, akakila chote peke yake mlango umefungwa, kisha akaosha bakuli kwa mkono wake ili ushahidi usionekane, nimemwona mmoja tu.

Fungate ikaisha na dadangu akabaki humo. Maisha yake hayakuwa ya kipigo wala njaa. Yalikuwa ya kusahihishwa. Chai yake nyepesi, ufagio wake watimua vumbi, kicheko chake chasikika barabarani. Jikoni aliruhusiwa kumenya vitunguu na kuosha masufuria. Kupika kulikuwa kwa mavyaa na mpishi wake mzee, na mpishi huyo alipika wali kama gundi. Dadangu si mtu wa maneno. Tangu udogoni alikuwa na subira inayokera, na mimi nilikuwa na mdomo kwa niaba ya wote wawili.

Siku moja nilimtembelea nikamkuta jikoni peke yake, amekaa juu ya kibao, anakoroga sufuria. Harufu niliijua kabla sijavuka kizingiti.

"Wapika rojo? Humu?"

"Punguza sauti," akanijibu. "Ni kila Ijumaa. Ameniomba mwenyewe."

"Ameomba? Yeye?"

"Aliniita faragha. Akasema, 'Yale matunda ya mamako, wajua kuyapika?' Nikamwambia najua. Akasema, 'Basi yapike, lakini usimwambie mtu.'"

"Na wewe ukakubali?"

"Mpishi amepewa ruhusa akapumzike kwao. Tazama." Akatoa kiunoni kamba yenye ufunguo. Ulikuwa ufunguo wa stoo ya chakula. "Sasa mimi ndiye ninayefungua."

Aliushika kama mtu aliyeshika kitu cha maana. Mimi niliona bati tu. Nilimwambia hivyo, naye akanipa kijiko nionje ili ninyamaze. Lilikuwa rojo la mamangu kabisa, hata bungo lilikuwemo.

Msimu wa maembe uliofuata, mavyaa alipata wageni kutoka Arabuni: binamu yake, mama mzee mnene mwenye bangili hadi viwiko, na binti zake wawili. Mama huyo alizaliwa papa hapa Mji wa Kale, akaolewa ng'ambo angali msichana, na sasa ndiyo mara ya kwanza anarudi kuona kwao. Nyumba ilipakwa chokaa. Nailoni za darini ziliondolewa, na Mungu akasaidia mvua haikunyesha. Mimi niliitwa kusaidia kuandaa, kwa sababu mikono ya Bondeni huwa haina maradhi wakati wa kuosha vyombo.

Asubuhi yao ya kwanza walitandikiwa ukumbini. Palikuwa na nyama ya kukaanga, mayai, mkate wa mofa, halua, na katikati rundo la vibibi na bakuli kubwa la kioo limejaa rojo. Dadangu alilileta mwenyewe. Mavyaa akalipokea mikononi mwake kabla halijatua, akaliweka mbele ya binamu yake kama mtu anayetoa mahari.

"Onja hii," akasema. "Twaiita murabba. Ni mapishi ya ukoo wetu. Babu alikuja nayo kutoka Arabuni."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na birika la chai. Nikamtazama dadangu. Alikuwa akitazama mkeka.

Yule mgeni akamimina juu ya kibibi, akatia kinywani, akatafuna polepole. Akaacha kutafuna.

"Hebu," akasema. "Hili si bungo?"

Akachukua kijiko kingine. Macho yakamjaa machozi, na sisemi hivi kwa kupamba.

"Wallahi ni bungo! Tangu nitoke hapa sijaonja bungo. Tulikuwa twalinunua pale mlangoni, twalikamua na sukari." Kisha akageuka kwa mavyaa. "Lakini dada, huko Arabuni babu alilipata wapi bungo? Na hili nanasi je?"

"Ni mapishi ya zamani sana," mavyaa akajibu. "Nyinyi wa huko mmeyasahau."

"Tumesahau vipi? Babu yako ndiye babu yangu. Yule mzee hakupata kuingia jikoni hata kuomba maji."

Wale mabinti wakafunika midomo kwa mitandio. Mavyaa hakutikisika. Nampa sifa yake hapo, kwa sababu uongo ule uliposhikwa ulikuwa uchi wa mnyama, naye akaendelea kuuvisha.

"Wewe uliondoka mdogo," akasema. "Muulize mkaza mwanangu. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Wote wakamgeukia dadangu. Nikasubiri. Nilidhani siku imefika, kwamba subira yake yote ilikuwa ikingoja saa hii.

"Ndiyo," dadangu akasema taratibu. "Bibi ndiye aliyenielekeza."

Birika lilikuwa likiniunguza mkono na sikuhisi.

"Ni rojo la mamangu," nikasema. "Tunakula kwetu Bondeni tangu nikiwa mtoto. Hata vibibi ni kipimo chake."

Kisha mavyaa akacheka, cheko dogo la puani.

"Mwaona? Watoto wa Bondeni. Kila kitu ni chao."

Mabinti wakacheka kwa adabu, kama wageni wanavyocheka. Mama yao hakucheka. Aliniuliza, "Bondeni wapi, mwanangu?" Nikamwambia: nyuma ya msikiti, mlango wa kijani, duka la vifungo.

Jikoni dadangu alifunga mlango. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Umefurahi?"

"Yeye amesema uongo mbele ya watu, na wewe ukamshikia!"

"Wewe jioni warudi Bondeni," akasema. "Mimi ndiye ninayelala hapa."

"Basi ulale na ufunguo wako."

Hayo ndiyo maneno tuliyoachana nayo. Nilitoka kwa mlango ule wa nakshi bila kuaga mtu, na njia nzima nilimtukana mavyaa kimoyomoyo kwa kila lugha niliyoijua. Dadangu naye nilimtia humo humo.

Kesho yake, kabla ya adhana ya adhuhuri, mtu alipiga hodi kwetu. Alikuwa yule mgeni, amechoka, anatweta, bangili zinalia, na nyuma yake binti mmoja amebeba kikapu cha zawadi. Gari lilikuwa limeshindwa kuingia kichochoroni. Mamangu alikuwa na kanga ya jikoni na unga mikononi. Akataka kukimbia kubadilisha nguo, mgeni akamshika mkono.

"Usiniwekee heshima. Nimekuja unifundishe."

Wakakaa jikoni wote wawili, wamevua viatu, magoti yamegusana juu ya sufuria. Mamangu alimwonyesha kila kitu bila kuficha. Yule mama alikamua bungo kwa mikono yake, bangili zikilowa, akawa anakumbuka mambo: nani aliuza, nani aliiba, nani alichapwa. Walicheka mpaka babangu akatoka dukani kuja kuuliza kuna nini.

Alasiri mavyaa akaja mwenyewe. Tangu siku ya posa hajawahi kukanyaga kwetu. Alisema amekuja kumchukua mgeni wake, asije akapotea. Akaketi ukingoni mwa kiti, buibui limekusanywa magotini, kana kwamba kiti chetu kina upele. Macho yake yalizunguka ukuta mzima yasipate pa kutua.

Mamangu aliinuka, akamletea sahani ya vibibi na bakuli. Akainama kwa adabu zote, akasema kwa sauti laini kabisa:

"Karibu, Bibi. Matunda ya babu yako haya."

Yule binamu akapaliwa na chai. Mimi nilikwenda nyuma ya pazia, nikauma kanga yangu nisicheke. Mavyaa alilitazama bakuli muda mrefu. Nilikuwa nimeapa kwamba atasusa, atainuka, atatutupia neno la mwisho kisha aende na pua yake. Nilikosea. Alichukua kijiko akala. Alikula lote, pole pole, mgongo umenyooka, hakutupa jicho kwa mtu. Alipomaliza akafuta mdomo.

"Leo mmetia sukari ya kadiri," akasema.

Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kumpa mamangu, na aliitoa kama mtu anayesamehe kosa.

Nilitarajia kwamba sasa dadangu atateswa. Nilijiandaa hata kumwambia babangu akamchukue. Lakini wageni waliporudi Arabuni, binamu alikuwa ameacha neno moja nyumba ile: kwamba mkaza mwana wa hapa ni hazina, na kila akipiga simu atataka kuongea naye kwanza. Mavyaa aliwaogopa jamaa zake wa Arabuni kuliko alivyomwogopa yeyote duniani. Mpishi mzee hakuitwa tena. Dadangu akachukua jiko lote, na wali wa nyumba ile ukaanza kuchambuka. Hata shemeji yangu alinenepa, na siku moja, nasikia, alimwambia mamake "hapana" kwa sauti iliyofika ngazini.

Kwa Mji wa Kale wote mavyaa alieleza safari yake ya Bondeni kwa namna yake. Alisema alikwenda kuwafundisha wale watu kupika matunda, maana walikuwa wakijaribu lakini hawajui. Nilisikia habari hiyo kwa fundi cherehani, nikaisikia tena kwa muuza samaki. Watu wanayaamini ya mwenye mlango wa nakshi.

Dadangu aliendelea kuninunia. Salamu alinipa, vikombe vya chai alinipa, lakini maneno yake aliyaweka moyoni. Hali ilikaa hivyo mpaka alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Nilikwenda kumtazama, nikamkuta kitandani amejifunika kanga mpya, mtoto ubavuni. Akanisogezea mguu nipate pa kukaa.

"Ulinitia hofu siku ile," akaniambia. "Nilikuwa nimebakisha kidogo tu, jiko lote liwe langu. Ungeniharibia."

"Sikukuharibia. Limekuwa lako."

"Lingekuwa langu hata ungenyamaza."

Sikukubali wakati ule, na sikubali hadi leo. Tulibishana pale pale, kwa kunong'ona kwa sababu ya mtoto, mpaka tukacheka. Naona hapo ndipo tulipopatana, ingawa hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini nilikwenda kwao asubuhi ya Idi. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake, manukato na watoto wenye nguo zinazowasha. Mavyaa alikuwa ameketi kwenye kiti chake kirefu, amezeeka, macho yameanza kuingia ukungu, lakini pua ni ile ile. Rojo likaletwa, na bi harusi mmoja mgeni wa mtaa akauliza ni nini kitamu hivi.

"Murabba ya ukoo wetu," mavyaa akamwambia. "Nimemfundisha mkaza mwanangu mimi mwenyewe."

Dadangu alikuwa akipita na sahani. Hakusimama wala hakubadili uso. Aliwapakulia wageni, akampakulia mavyaa wake bila kusahau kumkatia vipande vidogo, kwa sababu meno hayakuwepo tena, kisha akaniletea sahani yangu. Yule bi harusi akanigeukia mimi na kuniuliza kama ni vigumu kupika. Nikamwambia kesho aje Bondeni asubuhi, nyuma ya msikiti, mamangu atamwonyesha. Mavyaa alinisikia vizuri sana, maana aliinamisha kichwa na kuendelea kula.